Gari Lililosubiri Mkasi

Palikuwa na nchi, na msishukuru mapema, maana bado ipo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji barua ya kibali, na afisa anayetoa barua hizo yuko kwenye semina tangu mwaka juzi. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, na watu wanaoamka mapema.

Katika nchi hii hakuna kitu kinachoanza kabla ya kuzinduliwa. Msicheke. Nyie kwenu daraja likiisha leo, kesho mnapita juu yake kama mbuzi, wala hamwoni haya. Kwetu daraja likiisha hufungwa utepe, na wananchi huendelea kuvuka majini, chini yake, wakiliangalia kwa fahari, mpaka apatikane mgeni rasmi mwenye hadhi ya daraja. Choo cha soko letu kilikamilika miaka mitatu iliyopita. Kina vigae na sinki, na hakijatumika hata mara moja. Tatizo si utepe. Tatizo ni kwamba watu wa itifaki hawajakubaliana mgeni rasmi afanye nini baada ya kuukata.

Mimi ni karani wa vikao katika mji wa Lukundane. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, na yasiposemwa, kuandika yaliyopaswa kusemwa. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita na nimepewa cheti. Haya ninayowasimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo hayamo katika kumbukumbu rasmi.

*

Gari la zimamoto lilikuja baada ya soko letu kuungua mara mbili. Mara ya kwanza Serikali ilisikitika. Mara ya pili ilisikitika sana. Kisha ikaleta gari, jekundu, refu, lenye ngazi mgongoni na tangi la lita elfu tano. Lilitoka bandarini likiendeshwa siku tatu na dereva aitwaye Sengondo, mtu wa makamo, mpole, aliyejifunza kazi ya zimamoto jeshini. Lilipofika liliegeshwa katika uwanja wa mji na kufungwa utepe wa rangi za taifa. Mimi nikaamriwa kuandika kwenye daftari la magari kwamba limekwenda kilomita sifuri, kwa kuwa gari ambalo halijazinduliwa haliwezi kuwa limekwenda popote. Mita yake ilisoma elfu moja mia mbili na kumi, tukaifunika kwa kipande cha karatasi.

Likakaa hapo miezi minne likimsubiri mgeni rasmi. Katika miezi hiyo ghala la pamba liliungua, mita mia mbili kutoka uwanjani. Watu walikuja kulichungulia gari, wakaona lipo, wakarudi kulitazama ghala.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Mambo Yasiyotarajiwa, mtu mwenye shughuli nyingi ambaye safari zake hupangwa nusu mwaka kabla. Ili kumpokea, Mkuu wetu wa Mji, Mheshimiwa Kihanza, aliunda Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Kihanza ni kiongozi mwenye msimamo. Juu ya mlango wa ofisi yake pameandikwa kwa herufi za shaba LILILOPANGWA LIMEPANGWA, na neno asiloweza kulistahimili kabisa ni "lakini". Nimemwona akimfukuza kikaoni mganga mkuu kwa kulitamka mara mbili katika sentensi moja.

Kamati ikatoa ratiba yenye vipengele ishirini na vitatu. Katibu wa Itifaki, Bwana Kapungu, aliiandaa kwa wiki tano. Cha kumi na nne: mgeni rasmi kukata utepe. Cha kumi na tano: mgeni rasmi kumkabidhi dereva ufunguo. Cha kumi na sita: moto kuwashwa. Cha kumi na saba: moto kuzimwa. Cha kumi na nane: vifijo na nderemo. Kwa ajili ya huo moto wa maonyesho kikajengwa kibanda cha nyasi pembeni mwa uwanja, hatua thelathini kutoka nyumba ya Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi ni mwoka mikate. Nyumba yake ndiyo tanuri lake na duka lake, na ndimo anamolala. Aliijenga chumba baada ya chumba kwa miaka kumi na tisa, akianza na tanuri halafu ukuta. Mji mzima unakula mkate wake, na Mheshimiwa Kihanza hanywi chai bila huo.

Alikuja kikaoni na kanga yake begani, akaketi, akasubiri saa tatu kupewa nafasi. Alichosema kilikuwa kifupi. Kwamba asubuhi mapema moshi wa tanuri lake huelekea uwanjani, ila ikifika saa mbili upepo hugeuka na kuelekea kwake mpaka alasiri, ndipo hurudi tena uwanjani. Kwamba ameutazama moshi huo miaka kumi na tisa. Kwamba kama kibanda kitawashwa saa nne kama ratiba ilivyo, kitamwagia cheche darini. Akaomba kihamishwe upande wa pili.

Kamati ilimsikiliza kwa heshima. Bwana Kapungu akamsomea barua ya ofisi ya hali ya hewa, ya miezi mitatu nyuma, yenye muhuri, iliyoeleza kwamba siku ya uzinduzi upepo utakuwa wa wastani na utaelekea uwanjani. Bi Nyamizi akauliza kama upepo wenyewe umepewa nakala. Nikaandika kwamba mwananchi ametoa shukrani.

*

Siku ya uzinduzi, Jumamosi, tulifika uwanjani mapema kufanya mazoezi ya kuwasha moto. Mazoezi hayo yalikuwa ya lazima. Mwaka uliotangulia, katika mji jirani, moto wa maonyesho ulikataa kuwaka mbele ya mgeni rasmi, na mkuu wa mji ule akahamishiwa kisiwa ambacho wakazi wake ni ndege. Mazoezi ya kuzima hayakupangwa. Gari lilikuwa halijazinduliwa, sasa lingezimaje?

Tulikuwa tuanze saa moja na nusu. Mheshimiwa Kihanza alichelewa kidogo, kama cheo chake kinavyomtaka, akafika saa mbili kasorobo. Akaletewa kiberiti kwenye sinia. Akasema neno fupi la dakika ishirini kuhusu faida za mazoezi, kisha akaugusisha moto ukingoni mwa kibanda, kidogo tu, kwa kuujaribu.

Nyasi zilikuwa zimekaa juani wiki mbili. Kibanda kiliwaka chote kwa mara moja, na upepo ukafanya vilevile alivyosema Bi Nyamizi. Cheche zilitua kwenye banda lake la kuni. Kabla wajumbe hawajakubaliana kwamba zimetua, banda lilikuwa linawaka, na kutoka hapo moto ukapanda juu ya stoo ya unga.

Bi Nyamizi alitoka mbio, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa Sengondo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya gari, na sare mpya yenye vifungo vinavyong'aa.

"Mwanangu, nyumba yangu," alisema.

Sengondo akaja kwa Mheshimiwa kuomba ufunguo. Ufunguo ulikuwa juu ya mto mdogo wa mahameri, mikononi mwa askari aliyeagizwa asipepese macho. Mheshimiwa akamwuliza, kwa upole wa mzazi, kama ameisoma ratiba. Akajibu ameisoma. Akaulizwa ufunguo hukabidhiwa katika kipengele cha ngapi. Akajibu cha kumi na tano. Akaulizwa sasa tuko cha ngapi. Sengondo aligeuka akautazama moto, akasema kwa kweli hatujaanza hata cha kwanza, lakini...

Neno lile lilimponza. Mheshimiwa alimwambia haraka haraka haina baraka, akamrudisha kwenye kiti, na akaitisha kikao cha dharura katika ukumbi wa mji, kando ya uwanja.

*

Msije mkasema hatukufikiri. Tulifikiri sana. Kikao cha dharura kwa mujibu wa kanuni kinahitaji taarifa ya siku moja, kwa hiyo tulianza kwa kuazimia kwamba taarifa ilikuwa imetolewa jana. Tukasali. Tukapitisha ajenda. Mlangoni kulikuwa na joto, tukaazimia kusogea ndani.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwomba mgeni rasmi awahi. Bwana Kapungu alipiga simu, na msaidizi wa Waziri akajibu kwamba Waziri wa Mambo Yasiyotarajiwa hawezi kufika mahali bila kutarajiwa. Wazo la pili lilikuwa kuutambua moto huu kuwa ndio kipengele cha kumi na sita. Bwana Kapungu akapinga, maana kumi na sita haiwezi kutangulia kumi na nne, na nchi itakayoanza kuhesabu hivyo haitajua itaishia wapi. Wazo la tatu lilikuwa kumteua kaimu mgeni rasmi akate utepe kwa niaba. Hilo lilipendwa na wote. Kila mjumbe akaeleza kwa unyenyekevu kwa nini angefaa yeye, na hapo ndipo tulipopoteza robo saa.

Dirishani niliona paa la stoo likiingia ndani. Niliona pia Bi Nyamizi akitoa magunia ya unga, peke yake, akiyakumbatia moja moja kama mtu anayembeba mgonjwa. Nikaandika: "Hali inaendelea kufuatiliwa kwa karibu."

Tulipokuwa tunapiga kura ya kaimu, gari likanguruma.

Baadaye Sengondo alinieleza alivyofikiri, na si jambo refu. Aliona utepe umefungwa mbele ya gari, kutoka nguzo hadi nguzo. Nyuma ya gari hapakuwa na utepe, palikuwa na uwanja. Akakumbuka pia kwamba gari halikuletwa na malaika, alilileta yeye, na kiwanda hutoa funguo mbili. Wa pili ulikuwa mfukoni mwa suruali yake tangu bandarini, pamoja na leso. Basi akapanda, akarudi kinyumenyume, akakata kona, akaenda kuzima moto. Ilimchukua dakika ishirini na tano na tangi zima la maji.

Banda la kuni na stoo viliteketea. Chumba cha mbele chenye tanuri, duka, na chumba cha kulala vikabaki, vimeloa, vinafuka moshi, vimesimama. Watu waliokuwa wamejaa barabarani walishangilia mpaka Bwana Kapungu akaziba masikio, kwa sababu shangwe zile ndizo zilizokuwa zimetengwa kwa kipengele cha kumi na nane.

Mheshimiwa Kihanza alimfuata Sengondo pale alipokuwa akiukunja mpira wa maji.

"Umeukata utepe wa Taifa?"

"Sijaugusa, Mheshimiwa. Upo palepale. Mimi nimerudi nyuma tu."

Mheshimiwa alikwenda kuutazama utepe. Ulikuwa mzima, umenyooka, unalinda mahali pasipo na gari. Nadhani hakuna kitu kilichowahi kumuudhi zaidi ya hicho. Sengondo akakamatwa hapohapo kwa kosa la kuzima moto kabla ya wakati wake, akafungiwa katika stoo ya viti nyuma ya ukumbi. Alipokuwa anapelekwa alisema jambo kuhusu tangi. Askari akamwambia atalisema mahakamani.

*

Ilikuwa saa tatu na robo na mgeni anatarajiwa saa nne. Gari lilifutwa tope, likarudishwa, likasogezwa mpaka pua yake ikagusa utepe. Udereva ukapewa dereva wa Mheshimiwa, ambaye aliwahi kuendesha magari madogo meusi tu. Kilichobaki kilikuwa moto. Kibanda kilikuwa jivu, na nyasi nyingine ziko safari ya nusu siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu watu wanaoikebehi nchi yangu kwamba haijui kubadilika kulingana na hali hawajaiona ikibadilika. Kamati ileile ambayo kwa nusu saa nzima haikuweza kuhamisha namba kumi na sita ilichukua dakika nne, nilihesabu, kuamua kwamba moto wa maonyesho uwashwe kwenye nusu iliyobaki ya nyumba ya Bi Nyamizi. Hakuna aliyetaja kanuni. Hakuna aliyedai taarifa ya siku moja. Ilisemwa kwamba nyumba yenyewe tayari ina uzoefu. Tukitakiwa kujipinda kwa ajili ya bwana mkubwa, wallahi hakuna taifa lenye mgongo laini kama letu.

Tulikwenda watatu kumweleza, Mheshimiwa, Bwana Kapungu, na mimi na faili langu. Tulimkuta anasukuma maji nje kwa fagio. Bwana Kapungu alimweleza kwamba itakuwa dakika tisa tu kuwashwa na kuzimwa, na kwamba jina lake litatajwa kwenye hotuba kati ya wadau.

Bi Nyamizi aliegemeza fagio ukutani.

"Mheshimiwa, asubuhi nilikuwa na nyumba. Sasa nina nusu," alisema. "Hiyo nusu ndiyo mnataka?"

"Kwa muda, mama. Taifa linaiazima tu."

"Sitaki."

"Mama, mgeni yuko njiani. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo wazee walivyosema?"

"Mwenyeji apone," alisema Bi Nyamizi. "Ndivyo walivyosema." Kisha akanigeukia mimi. "Baba, wewe ndiye mwandishi. Andika nimekataa."

Mheshimiwa naye alinitazama. Nina watoto wanne, nina cheti cha miaka kumi na sita, na ninakaa nyumba ya Serikali. Nikafungua faili nikaandika: "Mwenye nyumba amekubali kwa moyo mkunjufu." Mwandiko wangu ni mzuri, watu wote husema hivyo. Bi Nyamizi hakuweza kuona nilichoandika, akanishukuru. Siku ile sikula kitu mpaka jioni.

Akaanza kutoa vitu vyake. Alitoa magunia sita, meza ya kukandia na godoro, kisha askari akamzuia, kwa maelekezo kwamba nyumba tupu haiungui kwa mvuto.

*

Mgeni rasmi wa saa nne alifika saa kumi na dakika tano. Watoto wa shule walikuwa wamesimama juani na bendera tangu asubuhi, watatu walishazimia, na ngoma ilikuwa imechezwa mpaka ngozi ikapasuka. Waziri wa Mambo Yasiyotarajiwa ni mtu mnene mwenye goti bovu. Alisaidiwa kupanda jukwaani, palipokuwa na turubai jeupe, maua ya plastiki, na zulia tuliloazimwa na mji mkuu kwa siku moja.

Hotuba yake ilinigusa. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Dunia inabadilika, na mabadiliko hayapigi hodi. Asiyeweza kufikiri papo kwa papo ataachwa nyuma. Msikae kusubiri kuambiwa." Ukurasa wa nne ulikuwa umechapwa mara mbili kwa makosa, akausoma mara mbili, nasi tukaupigia makofi mara zote mbili. Akawapongeza wakazi wa Lukundane kwa wepesi wao wa mawazo. Akamtaja na mdau mmoja, Bwana Nyamizi.

Cha kumi na nne: utepe ukakatwa. Cha kumi na tano: ufunguo ukatoka juu ya mto wa mahameri ukaingia mkononi mwa dereva wa Mheshimiwa, aliyeutazama kama mtu aliyekabidhiwa samaki hai. Cha kumi na sita: nyumba ya Bi Nyamizi ikamwagiwa petroli mlangoni ikawashwa. Bi Nyamizi alikuwa amesimama kando ya meza yake ya kukandia, mikono ameifumbata. Hakulia. Natamani angelia, ningejua la kuandika.

Cha kumi na saba. Gari likasogea kwa kurukaruka, likazimika, likawaka, likafika. Mpira ukakunjuliwa, ukaelekezwa, ukafunguliwa. Ukakohoa, ukatoa kama kikombe kimoja cha maji, ukanyamaza.

Tangi lilikuwa tupu tangu asubuhi. Hakuna aliyelijaza, kwa sababu katika karatasi zote za Serikali tangi lilikuwa limejaa, na moto wa asubuhi haukuwa umetokea. Mheshimiwa aliagiza mpira ufungwe na ufunguliwe upya. Ukafunguliwa upya mara tatu. Bendi ikaombwa ipige wimbo. Waziri alitaka kuondoka, Bwana Kapungu akamnong'oneza kwamba hawezi kuondoka kabla ya cha ishirini na tatu, na cha kumi na nane hakiwezi kuanza kabla ya cha kumi na saba kuisha.

Basi wakakaa. Na kwa kuwa ilikuwa alasiri, upepo ukageuka kuelekea uwanjani.

Turubai lilishika kwanza, kisha maua ya plastiki, ambayo yanawaka vizuri ajabu. Kila mtu mwenye akili alikimbia. Ila viongozi wetu walikuwa kwenye ngazi moja, na itifaki hairuhusu mdogo kumtangulia mkubwa. Mbele alikuwa Waziri, na goti lake, anateremka ngazi moja moja. Nyuma yake Mheshimiwa Kihanza, koti limeanza kutoa moshi, anasubiri kwa adabu. Nyuma yake wajumbe wote, kwa kufuata vyeo, wanatazama mbele. Hakuna aliyempita mwenzake. Wa mwisho kuteremka, mjumbe wa Kamati Ndogo ya Vinywaji, alifika chini hana nywele upande mmoja.

*

Upande wa nyumba, hakuna aliyekuwa anafuata kipengele chochote. Upepo ulipogeuka, moto ulilegea mlangoni kwa Bi Nyamizi, naye akaliona hilo kabla ya wengine. Alichota kwenye pipa lake kwa beseni la kukandia. Jirani akaja na debe. Muuza samaki akaja na ndoo yenye magamba. Punde palikuwa na mstari wa watu kutoka kijitoni hadi mlangoni, wateja wa mkate, walimu, na wacheza ngoma wenye manyoya, ndoo zinakwenda zimejaa na kurudi tupu. Mtu alivunja kufuli ya stoo ya viti, Sengondo akatoka, akaingia mstarini bila kuuliza lolote.

Mimi nilikuwa nimesimama na faili langu kifuani.

Mheshimiwa Kihanza alifika akihema, amevua koti. Akaamuru mstari mzima uhamie jukwaani mara moja, maana zulia ni la kuazima na lina picha ya nembo. Watu walimtazama Bi Nyamizi. Yeye hakuwa na cheo chochote, ni kwamba alikuwa wa mwisho mstarini, ndiye aliyekuwa akimwaga.

"Ndoo zetu hazijazinduliwa, Mheshimiwa," alisema, akapokea nyingine akaimwaga mlangoni kwake.

Jukwaa likaisha lote, na zulia na nembo yake.

*

Taarifa rasmi niliiandika mimi. Inasema uzinduzi ulifana, moto ulizimwa kwa ushirikiano wa wananchi, na jukwaa lilistaafishwa. Sengondo hakushtakiwa, kwa kuwa kumshtaki kwa kuzima moto wa asubuhi kungekuwa kukiri kwamba ulikuwepo. Alifukuzwa kazi kwa kosa la kutoonekana kwenye kiti chake wakati wa kukabidhiwa ufunguo. Gari liko uwanjani, limezinduliwa, halina dereva.

Kilibaki kiambatisho kimoja. Wizara ilitaka ile kauli ya ridhaa ya mwenye nyumba iwe na saini yake. Nikatumwa Jumanne asubuhi.

Tanuri lilikuwa limepona, pamoja na kuta mbili. Sengondo alikuwa juu anagongelea mabati yaliyonunuliwa mitumba, na chini yake Bi Nyamizi anatoa mikate. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, imefika hadi barabarani, karibu mji mzima. Nilisimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika nilimpa karatasi na kalamu, nikamwonyesha pa kutia saini. Alipangusa mikono, akaitazama, akanirudishia.

"Macho yangu yameharibiwa na moshi, baba," alisema. "Nisomee."

Nilianza kumsomea kwa sauti ya chini. Akasema hasikii, Sengondo anagonga. Sengondo akaacha kugonga. Watu wa foleni nao wakasogea.

Nikasoma. "Mwenye nyumba amekubali kwa moyo mkunjufu."

"Mwandiko wa nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni wangu. Alinipa mkate wangu, akaiweka karatasi mezani kando ya kisu, haina saini, akamwita aliyefuata.